Simu au Kamera Ndogo kwa Safari ya Kisumu na Nakuru?

Mchana pale ufuo wa Dunga, Kisumu, au kreta ya Menengai, Nakuru, simu inatosha. Futa lenzi kwanza. Mafuta ya kidole hufanya picha za juani ziwe na ukungu.

Kamera ndogo, tuseme Sony ZV-1, huonyesha ubora wake giza likiingia, kwa kuwa sensa yake (kipande kinachopokea mwanga) ya inchi 1 hukusanya mwanga zaidi. Ukirekodi samaki wakikaangwa usiku chini ya taa za stima, weka fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Stima ya Kenya ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde): ukitumia fremu 30 na shata 1/60, taa zinaweza kumetameta au mistari ikatambaa kwenye video.

Upepo wa ziwa huharibu sauti kuliko picha. Vika maiki kifuniko cha manyoya. Kwa simu, tumia maiki ya kubana shatini.

Heroe wa Ziwa Nakuru? Lenzi ya ZV-1 huishia milimita 70, haivuti mbali, kwa hivyo wa mbali watabaki vidoa tu. Kodi kamera ya lenzi ndefu.

Beba betri mbili za akiba, na kadi ya kumbukumbu yenye alama ya V30 (kasi inayotosha 4K) na nafasi kubwa: video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde hula GB 45 kwa saa.