Bata uani: maji mchana, pakavu usiku

Bata hahitaji bwawa. Anataka chombo chenye kina cha kuzamisha kichwa mpaka macho, na mahali pakavu pa kulala. Wafugaji wengi hukosea hapo hapo: beseni huwekwa ndani ya banda, usiku kucha bata wanalichezea, asubuhi sakafu imekuwa tope. Baada ya wiki mbili harufu imefika kwa jirani na bata wameanza kuchechemea. Maji yote yakae nje, hatua tano au sita kutoka mlangoni. Usiku hawadhuriki kwa kukosa maji, mradi chakula nacho usikiache ndani, kwa sababu bata akila pasipo maji karibu anakabwa.

Wa kuanza nao ni wale wa uso mwekundu wenye vinundu, ambao kwa Kiingereza huitwa Muscovy (jina la zamani la Urusi, ingawa asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini). Dume hutoa sauti ya pumzi tu, na jike si mpiga kelele, kwa hiyo hata penye nyumba zilizobanana kama mitaa ya Lamu hutagombana na mtu. Chukua majike watano na dume mmoja. Ukiweka madume wawili kwa majike hao, watapigana, na majike watapandwa mpaka manyoya ya kisogoni yaishe.

Kwa bata sita, banda la mita 2 kwa 1.5 linatosha. Nguzo za mvinje zinafaa. Choma ncha zinazoingia ardhini mpaka ziwe nyeusi, mchwa wachelewe. Paa liwe la makuti. Kama una mabati tu, yafunike kwa makuti juu, la sivyo kaskazi itawaoka. Upande wa kusini-mashariki uzibe kabisa, maana mvua za kusi, Aprili mpaka Juni, huingia kwa mshazari kutoka huko. Pande nyingine ziba mpaka urefu wa goti, na juu yake acha wavu upitishe upepo.

Wavu wa kuku ule mwembamba humzuia bata kutoka lakini haumzuii ngawa kuingia. Sehemu ya chini tumia wavu mgumu wa chuma wenye matundu ya nusu inchi, uufukie sentimita 30, kwa sababu nguchiro huchimba. Mlango uwe na upana wa sentimita 40 na usiwe na kizingiti kirefu. Komeo liwe la kusukuma kwa mkono. Kamba ya kufunga tu haitoshi.

Sakafu ndiyo inayoharibu miguu ya bata wa hapa pwani. Kokoto za matumbawe zina makali. Unyayo wa bata ni laini na mwili ni mzito, dume hufika kilo 5 na zaidi, hivyo mkwaruzo mdogo huingia uchafu, ukavimba na kutunga usaha wenye kidonda cheusi katikati. Mwaga mchanga laini, kina cha sentimita 10, juu yake maranda au majani makavu. Kila asubuhi geuza kwa reki, na palipolowa paondoe. Shika konzi moja ya matandiko uikamue: ikishikana mkononi, imeshachelewa kubadilishwa.

Kwa kuogea, karai kubwa au nusu ya pipa la plastiki lenye kina cha sentimita 20 linatosha. Liweke karibu na mgomba, na maji machafu uyamwage shinani kila siku. Mgomba utafurahi na mbu hawatapata pa kuzalia. Bata asiyeoga hupoteza mafuta ya manyoya, na mvua ikimpata analowa mpaka ngozi.

Maji ya kunywa yanataka uangalifu zaidi. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi. Bata mkubwa huvumilia kidogo, kifaranga hawezi. Onja mwenyewe: kama hungepikia chai maji hayo, usimpe kifaranga. Mpe ya mvua au ya bomba.

Chakula cha bata mkubwa ni gramu 150 hadi 200 kwa siku, kutegemea anachookota mwenyewe: konokono, wadudu, majani. Pumba ya mahindi ndiyo msingi, ongeza dagaa waliosagwa (wale wa chumvi waloweke kwanza) na mchicha. Lowesha kidogo, kwa kuwa unga mkavu hugandia mdomoni. Makombe ya baharini yaoshe chumvi, yakaushe, yaponde, uyaweke kwenye chombo cha peke yake. Majike watachukua wanavyohitaji.

Machicha ya nazi kila nyumba inayo, na bata huyapenda. Lakini kwa joto letu huchacha kabla ya jua kuzama, na yakilala huota ukungu. Ukungu huo huweza kutoa sumu kuvu, na bata huathirika nayo kuliko kuku, hasa vifaranga. Anayeumwa huzubaa, haangalii chakula, hupepesuka, kisha unamkuta amelala chali. Kuchemsha hakuiondoi sumu. Wape machicha ya asubuhi hiyo hiyo, yasizidi robo ya chakula, na yaliyobaki jioni yatupe. Hali ni hiyo hiyo kwa mahindi na njugu zenye vumbi la kijani: usiseme “ni za bata tu.”

Majike hutaga alfajiri. Wafungue saa mbili na nusu, la sivyo mayai utayatafuta vichakani, na kenge atakuwa ametangulia. Jike atakayelalia mpe kisanduku cha sentimita 45 kila upande, pembeni penye giza. Atalalia siku 35. Hutoka mara moja kwa siku kuoga, na unyevu anaorudi nao hulainisha maganda. Ukimpa kuku mayai hayo, yanyunyizie maji ya uvuguvugu kila siku kuanzia wiki ya pili, na ujue kwamba wapo kuku wanaoinuka siku ya 22 kwa kudhani mayai ni mabovu.

Vifaranga wapewe maji ya kina cha kuosha pua, lakini si ya kuogelea kama hawana mama. Chakula cha vifaranga vya kuku huwa na vitamini B3 kidogo kwao: magoti yakivimba na wakaanza kukaa kitako, nunua vitamini hiyo ya unga kwenye duka la dawa za mifugo, ichanganye na maji siku hiyo hiyo. Kunguru naye yupo juu ya mwembe, anahesabu. Wafunike kwa wavu, juu na pembeni, kwa wiki sita, hata mchana mama yao akiwapo.