Kufungua na kufunga upya habu za mbele za Land Cruiser mkonga: kazi ya wikiendi moja

Mtu akinunua mkonga wa zamani (Land Cruiser ya 70 Series), swali lake la kwanza ni injini. Inawaka asubuhi? Inatoa moshi? Sawa, aulize. Ila kwenye 1HZ, ile dizeli ya silinda 6 na lita 4.2 ambayo Toyota ilianza kuitia kwenye Land Cruiser mwaka 1990, injini ndiyo mara nyingi inayokusumbua kidogo kuliko vyote. Mpe oili safi kwa wakati, badilisha mkanda wa taimingi kila kilomita 100,000, atakuvumilia miaka. Kinachokulaza porini kati ya Mto wa Mbu na Ziwa Natron ni beringi ya gurudumu la mbele iliyokaushwa na vumbi, ikaingiwa na maji mtoni, halafu ikakazwa na mtu aliyekadiria kwa tindo na nyundo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie habu za mbele, yaani vitovu vya magurudumu vinavyokaa beringi, na pesa ya injini aiweke kando kwanza.

Maelezo haya ni ya mkonga wa kabla ya 1999: springi za bapa mbele, stadi 6 za gurudumu, na fri-wili za kufungia kwa mkono (vile vifungo vya katikati ya gurudumu vinavyoliunganisha na shafti ya ekseli). Zile zilizofuata, za springi za koili, zinafanana nazo kwa mengi, lakini vipimo vyake chukua kwenye kitabu chake.

Ijumaa: spea na vifaa

Nunua kila kitu kabla ya kufungua. Jumapili mchana gari likiwa juu ya stendi, na duka pekee lililo wazi linauza vocha na maji, utanikumbuka.

Kwa magurudumu mawili unahitaji beringi nne (ndani na nje kila upande), sili mbili za nyuma ya habu, washa mbili za kufungia nati, na gasketi za fri-wili. Beringi feki zimejaa sokoni, kuanzia Gerezani pale Kariakoo hadi duka la mwisho la mkoani. Usiangalie boksi, kwa sababu boksi ni karatasi tu. Toa beringi, ifute, soma maandishi yaliyochongwa ukingoni mwa chuma: namba, jina la kiwanda na nchi. Kwenye feki maandishi huwa ya juujuu, yamepinda, au namba ya kikombe (bangili ya nje ambamo rola huzunguka) hailingani na boksi. Izungushe taratibu ukiwa umeikandamiza kwa kiganja. Ikikwaruza ikiwa mpya, irudishe hapo hapo.

Vifaa: jeki, stendi mbili imara, soketi ya milimita 54, toki renchi (spana ya kukazia kwa kipimo), kipande cha shaba cha kugongea, nyundo, waya, brashi, mafuta ya taa ya kuoshea, matambara mengi, grisi ya lithiamu namba 2, na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya kupimia samaki. Soketi ya 54 ndiyo watu wengi wanaikwepa. Ukifungua habu ukakuta nati imetafunwa pembe zote, ujue waliokutangulia walitumia tindo. Nati iliyokazwa kwa tindo haina kipimo chochote, na vipande vya chuma inavyomenyeka huangukia ndani ya beringi. Kama huwezi kununua soketi, azima. Bila hiyo, acha kazi.

Jumamosi, hatua ya 1: pima kabla hujagusa spana

Weka gari mahali tambarare na pagumu. Gia ya kwanza, hendibreki juu, mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma. Jeki ikae chini ya ekseli karibu na springi, kisha weka stendi. Usiingize hata mguu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini, litikise kwa nguvu. Likicheza, mwite mtu akanyage breki na uendelee kutikisa. Mchezo ukipotea, tatizo ni beringi za habu. Ukibaki, ni beringi za juu na chini za lile tufe la chuma linalogeuka na stelingi, na hiyo ni kazi nyingine, kubwa zaidi. Sasa shika tairi kushoto na kulia utikise. Mchezo wa hapa kwa kawaida ni wa tairodi. Mwisho, zungusha tairi huku mkono mwingine ukiwa juu ya springi. Beringi iliyochakaa utaihisi ikinguruma kwenye chuma kabla sikio halijaisikia.

Halafu chungulia nyuma ya gurudumu. Tufe linapaswa kuwa na utando mwembamba wa grisi. Ukikuta mchuzi mweusi mwepesi unadondoka hadi kwenye rimu, oili ya difu (gia za katikati ya ekseli) imepita sili ya ndani ya ekseli na imechanganyika na grisi ya sivijointi, kile kiungo cha shafti kinachoruhusu gurudumu kukata kona.

Hapa wengi wanakimbilia kubadilisha sili na kusahau kilichoiharibu. Juu ya ekseli kuna kipumulio kidogo. Kikizibwa na tope, hewa ya ndani hupanuka difu inapopata moto, ikakosa pa kutokea, ikasukuma oili ipite kwenye sili. Kisha ekseli hiyo yenye moto inaingia mtoni, inapoa ghafla, hewa inasinyaa, na sili inavuta maji ndani. Kifungue kipumulio, kioshe kwa mafuta ya taa, hakikisha kifuniko chake kinacheza. Ni kazi ya dakika chache, na ukiiruka, sili mpya nayo itavuja.

Hatua ya 2: toa fri-wili

Zungusha fri-wili iwe kwenye FREE. Fungua bolti za kifuniko, kitoe. Ndani, kwenye ncha ya shafti, kuna bolti yenye washa; kwenye baadhi ya magari utakuta kilipu. Toa kilichopo. Kisha legeza nati zinazoshika mwili wa fri-wili, lakini usizitoe kabisa. Ziache zikiwa zimeshika nyuzi za mwisho.

Chini ya kila nati kuna washa ya mviringo iliyochongoka, imejikaba kwenye tundu lake. Hizi ndizo zinazowatoa watu jasho. Weka kipande cha shaba juu ya ncha ya stadi, piga pigo moja kavu. Washa itaruka, na nati uliyoiacha itaizuia isipotelee kwenye majani. Nenda stadi kwa stadi. Usiingize bisibisi kati ya fri-wili na habu ukawa unaitangua, maana utachimba uso wa gasketi na maji yatapita hapo hapo.

Hatua ya 3: breki, nati, habu

Fungua kwanza bano linaloshika paipu ya breki ili ipate nafasi, kisha bolti mbili za kalipa. Itundike kalipa kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake.

Nyoosha meno ya washa ya kufungia, fungua nati ya nje kwa soketi ya 54, toa washa, fungua nati ya ndani. Vuta habu kidogo kuelekea kwako, irudishe: beringi ya nje itajitokeza yenyewe. Iweke kwenye kitambaa safi. Sasa shika habu kwa mikono miwili uivute itoke, kwa sababu pamoja na diski yake ni nzito.

Hatua ya 4: osha, kisha soma

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa mpaka chuma kionekane. Ukikausha beringi kwa upepo wa kompresa, ishike isizunguke.

Ipeleke kwenye mwanga. Rola nzima ina rangi moja ya kijivu inayong'aa. Mistari myembamba ya kuzunguka ni vumbi. Vidoa vyekundu au vyeusi vilivyopangana kwa umbali sawa na rola ni maji yaliyokaa gari likiwa limeegeshwa. Rangi ya bluu au kahawia ni joto, yaani ilikazwa mno au ilikosa grisi. Pitisha ukucha taratibu ndani ya kikombe. Ukinasa popote, beringi hiyo imekwisha hata kama inazunguka vizuri. Beringi na kikombe chake hubadilishwa pamoja. Kuweka rola mpya kwenye kikombe cha zamani ni kutupa pesa.

Vikombe vya zamani vitoe kwa kupiga na kipande cha shaba kutoka upande wa pili, ukihamahama kuzunguka ukingo ili visikwame upande. Vipya viingize kwa kutumia cha zamani kama kifuniko cha kugongea. Sikiliza nyundo: kikombe kikiwa bado kinaingia, mlio ni mzito; kikikaa chini kabisa, mlio unabadilika ghafla kuwa mkali. Hapo acha.

Hatua ya 5: grisi

Weka donge la grisi kwenye kiganja. Shika beringi, ukingo wake mpana ukiwa chini, uwe unaikandamiza kwenye grisi karibu na pembe ya kiganja mpaka grisi ichomoze upande mwembamba katikati ya rola. Zungusha, endelea mpaka umemaliza duara lote. Kupaka kwa nje tu kunapendeza macho na katikati pakabaki pakavu. Usichanganye na grisi ya zamani, hata ikiwa rangi ni moja.

Ndani ya habu paka kiasi, usiijaze pomoni. Ingiza beringi ya ndani, kisha sili mpya, mdomo wake umepakwa grisi. Futa diski kwa petroli na kitambaa safi, maana alama moja ya kidole chenye grisi itaharibu pedi.

Hatua ya 6: kukaza kwa kipimo

Rudisha habu, beringi ya nje, na nati ya ndani. Kaza hadi 59 Nm (nyutoni-mita, soma kwenye toki renchi), zungusha habu mara kadhaa huku na huku ili rola zikae, kaza tena kwa kipimo kile kile. Kisha legeza mpaka nati igeuke kwa mkono. Sasa ikaze upya kwa mkono ulioshika soketi tupu, bila mpini, hadi uhisi imegusa na kubana kidogo.

Leta mizani ya samaki. Ifunge kwenye stadi moja ya gurudumu, ivute kwa kufuata mzunguko wa habu. Habu ianze kugeuka mizani ikisoma kati ya kilo 2.8 na 5.6. Chini ya hapo, kaza nati kidogo sana. Juu ya hapo, legeza. Ukiipata, weka washa mpya, kaza nati ya nje hadi karibu 64 Nm, kisha pima tena, kwa sababu nati ya nje huisukuma ya ndani na kubadilisha kipimo. Hapa watu wengi wanachoka na kusema imetosha. Rudia mpaka mizani ikubali nati zote mbili zikiwa zimekaza. Kunja jino moja la washa liingie kwenye nati ya ndani na jingine kwenye ya nje.

Fri-wili ioshe, ipake grisi nyepesi kidogo tu. Ukiishindilia, meno yatasita kushika siku unayoyahitaji kwenye tope. Rudisha gasketi mpya, washa zake, na ukaze kwa kukata msalaba. Funga kalipa na bano la paipu.

Kabla ya kuondoa gari, kanyaga breki mpaka pedali iwe ngumu. Pedi zilisukumwa nyuma, na pedali ya kwanza itazama hadi chini.

Jumapili

Upande wa pili utakwenda haraka zaidi. Muda ukibaki, lala chini ya gari na bomba la grisi: piga kros zote za propela (viungo vya msalaba vya shafti iendayo kwenye difu) mpaka grisi safi itoke. Kwenye sehemu ya propela inayoteleza, acha mara tu unapoiona inaanza kurefuka. Ukizidisha, shafti haitapata nafasi ya kurudi ekseli inapopanda. Legeza kizibo cha chini ya filta ya dizeli, mwaga maji yaliyotuama, kaza, pampu kwa mkono. Fungua kizibo cha kujazia cha difu ya mbele kabla ya kile cha kumwagia, maana ukimwaga oili halafu cha kujazia kikagoma, gari halitoki hapo. Oili ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia. Weka oili ya gia GL-5 namba 90 mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia.

Majaribio

Endesha kilomita 10 hivi bila kubana breki sana. Simama, gusa katikati ya kila gurudumu la mbele kwa mgongo wa mkono. Vuguvugu ni sawa. Upande mmoja ukiwa na moto kuliko mwenzake, nati imebana mno au pedi imeng'ang'ania. Zungusha gurudumu likiwa juu ujue ni ipi. Nati za magurudumu zikaze tena baada ya kilomita 50.

Baada ya kilomita 500 hadi 1,000, nyanyua tena, tikisa juu na chini. Beringi mpya hukaa, na mchezo mdogo unaweza kujitokeza. Ukiukuta, fungua, rudia kipimo cha mizani, na uweke washa nyingine mpya. Jino lililokwisha kukunjwa usilirudishie kazi, kwa hiyo unaponunua mbili Ijumaa, nunua nne.