Somo: Mtoto anaimba "ba be bi bo bu" lakini hasomi

Kila wiki naulizwa, sokoni Ngamiani hapa Tanga, hata kwenye daladala: mwanangu yuko la pili, hajui kusoma, nifanye nini? Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

1. Apimwe macho na masikio kwanza.

2. Irabu tano, zikiwa zimechanganywa.

3. Konsonanti kwa sauti yake, si kwa jina: "mmm", si "em". Anza na m, t, k, b, l.

4. Silabi. Hapa ndipo nilipoharibu. Mtoto wa dada yangu nilimkaririsha safu mwezi mzima, akawa anaimba vizuri, nami nikafurahi. Siku moja ufukweni Raskazone nikamwandikia "bo" peke yake kwenye mchanga. Akaanzia "ba", akahesabu vidole, akaniambia "bi". Alishika wimbo, herufi hakuzishika. Nami nilikuwa nikimkaripia kwa kosa langu. Kwa hiyo kata boksi, kila kipande silabi moja, uzichanganye kila siku. USIMPE safu kwa mpangilio. USIFUNDISHE b na d wiki moja. USIWEKE picha juu ya neno, atasoma picha. Akizijua kumi, unganisha neno analolijua: papa, tasi, dafu, nazi.

5. Mwisho ndiyo konsonanti zilizoungana: mbwa, ng'ombe, nyanya. Mkumbushe kuwa m huweza kuwa silabi peke yake: m-tu. Dakika 15 kwa siku zinatosha.

MASWALI

— Mwalimu, nianze na herufi gani?
Hatua ya 3. Imeandikwa.

— Wangu ana miaka 4, hataki kabisa kusoma. Nimchape?
Hapana. Fimbo haimo katika hatua yoyote. Umri huo msimulie hadithi.

— Shikamoo mwalimu. Wangu chuoni (madrasa) anasoma juzuu vizuri, shuleni anashindwa. Yawezekana?
Marahaba, mwanangu. Yawezekana, na ni habari njema, maana ameshajua kuwa alama ina sauti. Kule irabu hukaa juu au chini ya herufi, na husomwa kutoka kulia. Mchoree mshale upande wa kushoto wa mstari, umwambie huku tunaanzia hapa. Ila hakikisha hajahifadhi tu: mfungulie katikati ya ukurasa, umwonyeshe neno moja.

— Nyumbani tunasema Kisambaa. Tuache?
Msiache. Ila maneno ya kadi yawe ya Kiswahili anayoyatumia mwenyewe. Neno asilolijua maana, hatatambua kama amelisoma sawa.

— Kadi za boksi zinalowana. Mimi naandika kwa makapeni juu ya vizibo vya soda, mtoto anavipanga sakafuni.
Ahsante sana, nitavitumia kuanzia kesho. Mwenye mtoto mdogo anayetambaa aviweke juu, vinamezwa.