Tengeneza kibao laini kinachowaka gizani kwa foili ya jikoni, silikoni na jeli ya chumvi

Watu wengi wakisikia skrini inayokunjika wanadhani lazima uwe na maabara, kumbe kuna aina moja ya taa unayoweza kuitengeneza mezani kwako na ikawaka kweli, tena unaipinda kwa mviringo mpana na yenyewe inaendelea tu kuwaka. Sio ya kuangalia video, hapana, hii ni ya kuonyesha herufi, namba au mchoro kwa mwanga wa kijani unaoelekea buluu. Mi kinachonifurahisha kuliko vyote ni ule upande wa mbele, maana unatakiwa upitishe umeme na hapohapo upitishe mwanga, na sisi tunautengeneza kwa chumvi na jelatini.

Kwanza elewa inavyofanya kazi, ukishaelewa hutakariri hatua. Chukua vitu viwili vinavyopitisha umeme, katikati weka kitu kisichopitisha, hapo una kapasita. Sasa ndani ya hicho cha katikati changanya unga wa zinki salfaidi uliotiwa shaba kidogo sana, halafu peleka umeme wa AC, ule unaogeuka mbele nyuma mara nyingi kwa sekunde, kila ukigeuka unga unatoa mwanga. Hakuna nyuzi ya kuungua, hakuna joto. Mfaransa Georges Destriau ndo aliyeliona jambo hili 1936, na 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Cornell kule Marekani wakatengeneza ngozi inayowaka na kuvutika kama mpira kwa kutumia silikoni, yaani ule mpira laini, yenye unga huu katikati ya tabaka za jeli ya chumvi. Yetu ni ndugu yake wa nyumbani.

Vitu viwili tu ndo huvipati kirahisi. Cha kwanza ni huo unga, na hapa wengi wanakosea kwa hiyo nasisitiza, unga wa kawaida wa kung'aa gizani, ule unaouanika kwenye mwanga kwanza, hauwaki kwa umeme. Omba zinki salfaidi ya taa za EL, yaani taa zinazowaka kwa njia hii hii, na ukipata ile ambayo punje zake zimefunikwa ganda chukua hiyo hiyo, maana unyevu ndo unaoua unga huu. Cha pili ni inveta ndogo ya waya wa EL inayotumia betri mbili za kawaida, inachukua volti 3 inazitoa kama volti 100 za AC hivi, kwa kasi ya zaidi ya hezi elfu moja, yaani mizunguko zaidi ya elfu moja kwa sekunde.

Na hapa tuelewane. Volti 100 hata zikitoka kwenye betri zinauma, kwa hiyo inveta inazimwa kabla hujagusa chochote, kila mara. Na USIJARIBU kuunganisha kibao hiki kwenye umeme wa ukutani, hata kwa sekunde, huo unaua. Mtoto akitaka kusaidia akate herufi, waya afunge mtu mzima.

Haya, tuanze na mgongo. Kata plastiki laini kama ya jalada la faili, saizi ya kiganja inatosha, gundisha foili juu yake bila makunyanzi, lisugue kwa kitambaa mpaka lilale. Upande mmoja acha sentimita 2 za plastiki tupu zisizo na foili, utaona kazi yake baadaye, na ukingo wa foili wa upande huo ufunike kwa seloteipu maana ukingo ni mkali na ndo mahali shoti hupenda kuanzia. Kona ya upande wa pili acha kiulimi cha foili cha kufungia waya.

Sasa tabaka la unga, na kazi yote iko hapa. Vaa barakoa, fungua madirisha, changanya unga na silikoni inayopitisha mwanga kwa uzito sawa, ile isiyonuka siki ni nzuri zaidi kwa sababu yenye siki inakula chuma. Koroga polepole usiingize mapovu. Bandika vipande vya seloteipu ya katoni kwenye kingo mbili za foili, kila ukingo viwili vilivyopandana, hivyo vitakuwa reli zako, mwaga mchanganyiko katikati kisha buruta kadi ngumu ya plastiki juu ya reli kwa mkupuo mmoja. Unapata tabaka la kama sehemu moja ya kumi ya milimita, na wembamba huo ndo siri yenyewe, kwa sababu tabaka likiwa nene nguvu ya umeme inatawanyika na mwanga unafifia vibaya. Changu cha kwanza nilipaka kwa kijiko, kikawa kinene kama chapati, na nilikaa gizani dakika nzima sioni kitu. Acha likauke usiku mzima. Ukiliangalia kwenye mwanga ukaona vitundu vidogo, vizibe kwa silikoni tupu nyembamba.

Jeli ni rahisi. Maji mililita 50, jelatini vijiko viwili vya chai, chumvi nusu kijiko, na glisirini mililita 25 ili isikauke haraka na ikunjike bila kukatika. Loweka jelatini dakika kumi, pasha taratibu bila kuchemsha, mimina kwenye sahani bapa iliyopakwa mafuta kidogo sana, unene wa milimita moja au mbili, iache igande kwenye friji. Kama unakoishi kuna joto tumia agari, ule unga wa mwani unaogandisha, badala yake, jelatini inalegea kwenye joto la mwili tu wakati agari inavumilia zaidi, ila agari inakatika kirahisi kwa hiyo usiikunje sana.

Kata umbo kwa mkasi. Panapowaka ni pale tu jeli inapokaa juu ya foili, kwa hiyo jeli yenyewe ndo maandishi yako. Laza herufi juu ya tabaka la unga, kila moja iwe na mkia mwembamba unaotoka mpaka kwenye ile plastiki tupu, na huko ndo unapoweka waya wa shaba uliofumuliwa nyuzi chini ya mkia. Waya usiuache uguse sehemu ya unga, unaweza ukaitoboa. Ukitaka herufi ziwake moja moja ipe kila moja waya na swichi yake. Funika kila kitu kwa nailoni ya kufungia chakula, ibane kingo kwa seloteipu.

Kabla ya kuwasha pima kwa mita ya mafundi umeme (multimeter) kati ya waya wa foili na waya wa jeli, isome hakuna njia ya umeme. Ikionyesha kuna njia maana yake mahali pana shoti, toa jeli utafute kitundu. Iko safi? Unganisha inveta ikiwa imezimwa, zima taa za chumba, washa. Utasikia mlio mwembamba kama wa mbu, ni wa inveta, na herufi zinatokea papo hapo. Mchana usitegemee kuziona, mwanga wake ni wa gizani.

Ikiwaka kwa madoadoa tabaka halikuwa sawa. Ikiwaka karibu na waya tu huku mbali kumefifia, jeli imekauka au mkia ni mwembamba mno. Kunja kwa mviringo mpana, usiikunje kama karatasi, foili likipata mkunjo mkali linapasua tabaka. Ukimaliza toa jeli, ifunge kwenye nailoni uirudishe friji, futa chumvi iliyobaki kwa kitambaa chenye unyevu kidogo halafu kikavu, na kibao chenyewe kikae mahali pakavu, siku ukitaka neno jingine unakata jeli mpya unalaza juu yake.