Jinsi ya kuweka ushahidi wa rushwa ya kampeni mtaani

Hela ya uchaguzi Dar es Salaam haitoki kwenye jukwaa. Hutoka usiku wa kuamkia kura za maoni za kuteua wagombea ndani ya chama, kwa wajumbe wanaopiga kura hizo, ikiitwa nauli au pesa ya soda. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inagusa hatua hiyo ya uteuzi pia, kwa hiyo usingoje kampeni rasmi. Na hoja ya "ni takrima tu", yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, ilishakufa: Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria ya uchaguzi vilivyoiruhusu mwaka 2006.

Ukishuhudia, andika siku hiyohiyo: saa, mtaa na kata, nani alitoa, nani alipokea, kiasi, na hasa maneno yaliyotamkwa. Maneno ndiyo yanayofunga hela na kura. Bila hayo, mtoaji atasema alichangia msiba.

Ikiwa pesa imetumwa kwa simu, usifute ujumbe wa muamala. Picha ya skrini haitoshi, kwani ni rahisi kuichezea. Tunza simu yenyewe na namba ya muamala. Video iache nzima, usikate wala kuweka muziki.

Kisha piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa), au nenda ofisi yao iliyo karibu. Taarifa nyingi hukwama kwa sababu mtoa taarifa "aliambiwa". Tenganisha ulichoona na ulichosikia, na taja shahidi mwingine akikubali.

Usianzie kwenye kundi la WhatsApp: mtuhumiwa atapata muda wa kupanga majibu, nawe unaweza kushtakiwa kwa kashfa.