Kabla ya Kupeleka Pendekezo la Maonyesho: Kwa Msanii wa Mombasa

Jumba la sanaa la mtaani likitangaza kwamba linapokea mapendekezo ya maonyesho, wengi wetu huanza kwa kuchagua michoro tunayoipenda. Mimi naona heri uanze na ukuta. Nenda ukauone ukumbi wenyewe kabla hujaandika neno, uchukue utepe wa kupimia, na umuulize msimamizi kazi hutundikwaje. Nyumba nyingi za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na kupigwa lipu ya chokaa. Lipu hiyo haivumilii misumari: ukigongomea humeguka, na fremu nzito huja nayo chini. Majengo mengine yanalindwa na sheria ya urithi, na humo hutoboi ukuta bila kibali. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 na kuingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2011, ni mmojawapo. Kwa hiyo uliza kama kuna reli ya kutundikia juu, au itakubidi uje na mbao za kusimamisha.

Ukishapata vipimo, piga hesabu. Kwenye ukuta wa mita 6, michoro 5 yenye upana wa sentimita 70 inakuachia mita 2.5 za nafasi. Inatosha. Ukilazimisha michoro 8, mtazamaji hataona hata mmoja. Kitovu cha mchoro kikae sentimita 150 hivi kutoka sakafuni.

Jambo la pili ni hewa yetu. Unyevu na chumvi ya bahari havina huruma na karatasi. Picha au mchoro wa rangi za maji usigusane na kioo, kwa sababu unyevu ukiingia karatasi hunata na ukungu huota. Mwambie fundi wa fremu aweke ukingo wa kadibodi katikati. Nyuma ya fremu bandika vipande vidogo vya mpira kwenye pembe za chini ili hewa ipite. Waya na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Andika hayo kwenye pendekezo lako. Anayelisoma atajua kwamba kazi zako zitamaliza mwezi mzima ukutani zikiwa salama.

Majira nayo yana neno. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Mombasa, na kubeba turubai kwenye tuktuk katika masika ni kujitafutia hasara. Desemba mpaka Februari, kaskazi ikivuma, wageni ni wengi, na waombaji wa ukumbi vilevile. Angalia pia Ramadhani, ambayo kila mwaka huja mapema kwa siku kama 11 kuliko mwaka uliotangulia: usipange ufunguzi uangukie wakati wa futari. Ijumaa mchana usiiguse.

Kisha ndipo uandike wazo lenyewe. Sentensi mbili tatu zinazosema maonyesho yanahusu nini na kwa nini watu wa mtaa huu wayaone zinashinda kurasa za sifa. Wala usidhani mlango umefunguliwa kwa wachoraji peke yao. Mchonga milango, mshona kofia, mchoraji hina na mbuni wa kanga wana haki ileile ya kuomba ukuta, na natamani sana waombe, kwa sababu sanaa ya pwani imeishi mikononi mwao kwa vizazi. Kama picha zako zinaonyesha sura za watu, hasa kina mama majumbani mwao, pata ridhaa yao mapema. Hawa ni majirani, na watakuja kutazama.

Picha za kazi zipigwe mchana, kivulini, bila mwako wa taa, na kila moja iandikwe jina, mwaka, malighafi, vipimo na bei.

Mkataba usiachiwe maneno ya mdomo. Uliza jumba linachukua asilimia ngapi ya mauzo, nani analipia usafiri, na kazi ikiharibika nani anafidia. Kumbuka kuwa kuuza mchoro si kuuza hakimiliki. Kwa sheria ya Kenya, hakimiliki huhamishwa kwa maandishi tu. Mwisho, taka tarehe mbili kwenye karatasi hiyohiyo: siku ya kuja kuteremsha kazi zisizouzwa, na siku ya kulipwa fedha za zilizouzwa.