Somo: Kupiga picha za jua na mwezi vikipatwa, kwa walioko Nyanda za Juu Kusini

Tarehe 1 Septemba 2016 watu walifurika Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama jua likipatwa kipete. Asubuhi ya tarehe 21 Mei 2031 njia ya pete inapita tena Tanzania. Kipete maana yake mwezi uko mbali kidogo na dunia kuliko kawaida, hivyo hautoshi kuliziba jua lote na ukingo unabaki unawaka. Hapo ndipo wengi watakapokosea, kwa sababu maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa ajili ya kupatwa kikamilifu: "jua likishazibwa, toa kichujio". Kwa kipete usifuate hilo. Kichujio, yaani kifaa cha kupunguza mwanga wa jua, hakitoki mbele ya lenzi hata sekunde moja.

Hatua ya 1: Kichujio

Kwa kamera tafuta filamu ya jua yenye alama OD 5 au ND 5. Inapitisha sehemu 1 tu ya mwanga kati ya 100,000. Kwa macho matupu ni miwani yenye alama ISO 12312-2. Kioo cha kuchomelea kinafaa kikiwa namba 14, kwa hiyo ukienda kwa fundi soma namba kwanza: 10 au 11 hazitoshi. Picha za eksirei, CD, kioo kilichopakwa masizi na beseni la maji, achana navyo. Vinapunguza mng'ao ukadhani uko salama, kumbe mwanga unaopita bado unaunguza retina (utando wa nyuma ya jicho), nayo retina haina maumivu ya kukushtua.

Kutengeneza kishikio: kata vipande viwili vya boksi gumu, kila kimoja kikiwa na tundu la duara lililozidi kidogo kioo cha mbele cha lenzi. Bandika filamu kati ya vipande hivyo kwa tepu ya pande mbili. Usiivute ikakaza kama ngoma. Mikunjo haidhuru, kuivuta ndiko kunakoharibu picha. Kisha zungushia lenzi ukanda wa boksi wa sentimita 5, uubandike kwenye kishikio kama kola ya shati. Pindua kamera chini, itikise. Kikidondoka hapo, upepo utakiondoa bila shida. Mwisho mulika filamu kwa tochi ya simu chumbani gizani: ukiona kitundu hata kama ncha ya sindano, tupa.

Kichujio kinakaa mbele, upande wa jua, siku zote. Kikikaa nyuma ya darubini, joto lililokusanywa linakipasua huku jicho lako likiwa palepale.

Hatua ya 2: Lenzi na mipangilio

Gawanya urefu wa fokasi (zile mm zilizoandikwa kwenye lenzi) kwa 110 upate kipenyo cha jua kwenye sensa, sehemu ya kamera inayopokea picha. Lenzi ya mm 300 inatoa jua la karibu mm 2.7, ya mm 50 inatoa nukta. Weka kila kitu kwa mkono: ISO 100 (hapa ni wepesi wa kamera kupokea mwanga), f/8 (upana wa tundu la lenzi), spidi ya sekunde 1/400, kisha piga nyingine kwa 1/200 na 1/800. Hali ya kujiendesha itaona anga jeusi, iongeze mwanga, jua liwe doa jeupe. Fokasi ifanyie kwenye skrini, ukikuza ukingo wa jua, halafu funga pete ya fokasi kwa tepu.

Hatua ya 3: Kwa shule, au asiye na kamera

Hii ndiyo njia bora kuliko zote kwa watoto arobaini na mwalimu mmoja. Chukua kioo cha kujitazamia, kifunike kwa karatasi yenye tundu la mm 5, kiegemeze juani kwenye sufuria ya mchanga, elekeza mwanga ndani ya darasa lenye giza. Ukuta ukiwa mita 15 kutoka kwenye kioo, jua linatokea na kipenyo cha sentimita 14 hivi, likiwa limemegwa vilevile kama lilivyo angani. Watoto waangalie ukuta tu. Mtu mzima akae kwenye kioo asije mtoto akachungulia. Chini ya mwembe nako, kila upenyo wa majani utamwaga pete ndogo ardhini.

Mwezi: fanyia mazoezi hapa

Mwezi hauhitaji kichujio chochote. Alfajiri ya tarehe 28 Agosti 2026 kivuli cha dunia kinaanza kuumega saa 11:34, ukiwa magharibi chini ya nyuzi 20. Kilele ni saa 1:13 asubuhi, lakini huku utakuwa umeshazama, kwa hiyo chagua mahali pasipo na kilima upande huo. Agosti anga ni kavu. Adui ni vumbi na moshi wa mashamba. Anza na ISO 100, f/8, 1/250, uongeze mwanga kadiri unavyomegwa na kushuka.

Tarehe 31 Desemba 2028 unapatwa wote, kilele saa 1:52 usiku. Utachomoza ukiwa karibu umezibwa wote, kaskazini-mashariki, katikati ya masika yetu. Ukiwa mwekundu tumia ISO 1600, f/5.6, sekunde 1. Ukizidisha hapo kwa lenzi ya mm 300, unatoka umeburuzika, maana unatembea kipenyo chake kizima kwa dakika 2.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Makete:* Shikamoo mwalimu. Huku baridi kali, lenzi inapata ukungu. Nifanyeje?

Marahaba. Itoe kamera nje dakika 40 kabla, ikiwa bado ndani ya begi, ipoe taratibu. Usiifute kwa pumzi. Betri ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti. Baridi inaishusha haraka.

*Mwanachama, Tukuyu:* Kaka, simu tu inatosha?

Kwa mandhari, ndiyo. Funika lenzi kwa kioo kimoja cha miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2 niliyotaja, bonyeza jua kwenye skrini bila kuachia mpaka mwanga ujifunge, ushushe, kisha tumia kihesabu cha sekunde 2. Usikuze kwa vidole, unapata vumbi la rangi tu.

*Mwanachama, Mafinga:* Wazee wanasema mjamzito asitoke nje siku hiyo.

Jua la siku hiyo halitoi mnururisho wowote wa ziada. Mama mpe miwani atazame kama wengine.

*Mwanachama, Mbeya mjini:* Na mawingu yakitanda?

Wingu jembamba linapitisha mwanga, punguza spidi hadi 1/100 na kichujio kibaki. Wingu zito, washa gari mapema; ukishuka bonde la Usangu mara nyingi anga ni tofauti kabisa na la milima ya Uporoto.